India bado haijaipita China kwa nguvu kazi

Ukisikia India imeipita China, usidhani ni kwa nguvu kazi pia: iliipita 2023 kwa idadi ya watu tu. Nguvu kazi ni watu walio kazini au wanaotafuta kazi: China ina zaidi ya milioni 750, India iko karibu milioni 600. Na hiyo ni baada ya watu wenye umri wa kufanya kazi China kuanza kupungua tangu 2012 hivi.

Sababu kubwa ni wanawake. China, kati ya wanawake 10 wenye miaka 15 na kuendelea, 6 wamo kwenye nguvu kazi. India ni kama 3 tu, na hata hao wameongezeka miaka ya karibuni. Mwanafunzi au mama wa nyumbani asiyetafuta ajira hahesabiwi, hata kama anaamka saa kumi alfajiri na kulala wa mwisho (hilo mimi huwa linanikera, lakini ndiyo hesabu yenyewe).

Angalizo moja ukilinganisha miaka ya nyuma: mwaka 2013 maana ya kuajiriwa ilibadilishwa kimataifa. Anayelima mahindi ya kula nyumbani tu, zamani alihesabiwa ana kazi, sasa hahesabiwi. Kwa hiyo usichukue utafiti wa Tanzania wa 2006 ukauweka kando ya wa Vietnam wa juzi. Tumia makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) yaliyoko kwenye takwimu za Benki ya Dunia, yanaanzia 1990 na yamesawazishwa nchi kwa nchi.