Maswali Yenu: Tabibu Kwenye Kifusi

SWALI: Nina mwaka mmoja tangu nipate leseni ya udaktari. Tetemeko likitokea, naweza kufunga begi na kwenda mwenyewe?

JIBU: Hapana, daktari. Ukifika peke yako utakuwa mgeni wa watu wenye shida: utakunywa maji yao na kulala kwenye hema lao. Wengi walimiminika hivyo Haiti mwaka 2010, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likatoa vigezo vya timu za tiba za dharura. Hata kliniki ya ngazi ya kwanza, ile ndogo kabisa inayokaa mahali pamoja, inatakiwa iweze kuona wagonjwa wa nje 100 kwa siku na ijitegemee kwa maji, chakula na umeme. Jiandikishe na timu sasa, kabla ya maafa.

SWALI: Jeraha la mguu limejaa udongo na mgonjwa anasisitiza nimshone. Nifanyeje?

JIBU: Usimshone, hata akinuna. Uzi huo ukifungia uchafu ndani, msumeno wa kukata mguu hauko mbali. Osha kwa maji safi, lita kadhaa, si kikombe. Kisha kata nyama iliyokufa. Utaijua hivi: ibane kidogo kwa koleo ya upasuaji, iliyo hai hujikunja, na ukiikata hutoa damu. Iliyokufa hulegea na rangi yake imepotea. Antibiotiki haitakuokoa hapo, maana haifiki mahali pasipopita damu. Funika kwa shashi nyingi kavu bila kushindilia, usaha upate pa kutokea. Likiwa safi, lishonwe siku ya nne au ya tano.

Pepopunda usiisahau. Asiye na uhakika wa chanjo apewe chanjo pamoja na sindano ya kingamwili zilizo tayari dhidi ya pepopunda, yuniti 250, au 500 jeraha likizidi saa 24, kwa sindano tofauti na mahali tofauti.

SWALI: Mtu amebanwa mapaja na nguzo kwa saa tano, lakini anaongea vizuri. Waokoaji wainue tu?

JIBU: Kama mkono wake unafikika na jengo halitishii kuanguka, tafuta mshipa wa kuwekea dripu kwanza. Msuli uliobanwa huvujisha potasiamu, madini ambayo yakizidi kwenye damu husimamisha moyo. Nguzo ikiinuka, yote hukimbilia moyoni. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akitaniana na waokoaji hufa dakika chache baada ya kutolewa. Mtu mzima mpe maji ya chumvi ya asilimia 0.9, lita moja kwa saa. Mtoto mililita 15 hadi 20 kwa kila kilo kwa saa. Uokoaji ukipita saa mbili, mtu mzima asizidishiwe nusu lita kwa saa. Chupa ya Ringer, aina nyingine ya maji ya dripu, iweke kando, ina potasiamu ndani.

Akishatoka, mwekee mpira wa mkojo. Mkojo wa rangi ya chai kavu unaonyesha protini ya msuli imefika kwenye figo. Asipokojoa kabisa licha ya maji hayo, punguza dripu mara moja, la sivyo mapafu yatajaa, na mtafutie mashine ya kusafisha damu.