Kabla ya Kununua Kompyuta Mpya za Ofisi, Zifungue za Zamani

Kama ofisi yako ya Mwanjelwa au Mafinga bado inatumia Windows 10, msaada wake wa kawaida kutoka Microsoft ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini usikimbilie dukani. Chukua daftari, pita meza kwa meza, andika prosesa, RAM, aina ya diski na printa ya kila mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32 uone prosesa na RAM. Kisha rudia kwa tpm.msc, uone kama ina TPM, chipu ya usalama, na toleo lake. Windows 11 inadai TPM 2.0, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64, na kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana. Prosesa ya i5-8250U (kizazi cha 8) inapita, i5-4570 (kizazi cha 4) haipiti. Zipo mbinu za kuilazimisha ikubali; kwa kompyuta yenye hesabu za watu, achana nazo.

Zisizopita hazijafa. Kinachozichosha mara nyingi ni diski ya kuzunguka, wala si prosesa. Weka SSD, yaani diski isiyozunguka, ya SATA ya GB 240 na uongeze RAM ifike GB 8, utaona tofauti tangu inapowaka. Hapa kwenye RAM ndipo watu hupoteza hela: laptop za Intel kizazi cha 4 zinataka RAM ya aina ya DDR3L, ya volti 1.35. Ukichomeka DDR3 ya volti 1.5 skrini inaweza kubaki nyeusi, na fundi asiye makini atakwambia ubao mama umeungua.

Ukiwa umeshafungua, badilisha na betri ndogo ya CR2032. Ikiisha, kila umeme ukikatika saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka kadhaa, kivinjari kinakataa vyeti vya usalama vya tovuti, na ofisi nzima inalalamika kuwa mtandao umeshuka. Puliza pia vumbi la kiangazi, huku umeishika feni isizunguke.

Kwa mashine hizo, Linux Mint ya Xfce, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, inatosha kabisa kwa barua, kivinjari na majedwali. Usiisakinishe kwanza. Iandike kwenye flashi ya GB 8, washa kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo hiyo, kisha chapa ukurasa, skani karatasi, fungua faili kubwa kuliko yote ya Excel. Printa isipokubali, tafuta draiva yake kabla hujagusa diski. Faili zenye makro (amri za kujiendesha ndani ya Excel) ndizo husumbua LibreOffice, programu ya hati na majedwali inayokuja na Mint, na programu nyingi za uhasibu zinazosakinishwa kwenye kompyuta zinataka Windows. Kwa hiyo fedha ya mashine mpya itumie kumnunulia mhasibu, pamoja na UPS yake (kifaa cha akiba ya umeme), maana radi za masika huku nyanda za juu hazina huruma.

Meza ya skrini (desktop) ifanane kwa wote: kivinjari, hati, jedwali, folda ya ofisi, basi. Kila mtumishi apewe akaunti isiyo na mamlaka ya kusakinisha. Printa ziitwe kwa majina ya vyumba, "Masijala", "Mapokezi", mtu asichape barua ya siri kwenye chumba cha wageni.

Anza na mashine moja ya mapokezi, wiki mbili, mbali na mwisho wa mwezi. Na kabla ya kufuta diski yoyote, nakili kila kitu sehemu mbili tofauti, kisha fungua nakala zenyewe kwenye kompyuta nyingine uone kama zinasomeka.