Matairi ya haibridi iliyotembea kidogo: kashata nene, mpira mzee

SWALI: Nimenunua gari lililotumika la haibridi, yaani lenye injini ya mafuta na mota ya umeme. Lina miaka 9 lakini limetembea kilomita 31,000 tu. Matairi ni yaleyale ya kiwandani na kashata (mpira wenye mifereji unaogusa barabara) bado ni nene, ila fundi anasema niyabadilishe yote manne. Ni kweli, au anataka kunila hela? Na je, ni lazima ninunue matairi maalumu ya haibridi?

JIBU: Fundi wako yuko sahihi, na unaweza kuhakikisha mwenyewe. Chuchumaa kando ya tairi, utafute herufi DOT ubavuni, kisha ufuate maandishi hayo hadi tarakimu nne za mwisho. Zikisomeka 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Usipoziona, huenda ziko ubavu wa ndani, chukua tochi.

Kilomita zinakuambia kashata imelika kiasi gani. Hazikuambii chochote kuhusu umri wa mpira. Joto, jua na hewa huukausha mpira hata gari likiwa limeegeshwa, na gari linalokaa sana huumia zaidi: dawa za kinga zilizochanganywa kwenye mpira hupanda juu tairi linapojikunja na kujikunjua barabarani. Lisipotembea, ngozi yake hubaki bila kinga. Tazama ndani ya mifereji ya kashata na pale ubavu unapokutana na ringi. Ukiona vijiufa vyembamba kama vya tope lililokauka, usiendelee kujiuliza. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5, na likifika 10 litolewe hata kama linaonekana jipya. Mimi nisingesubiri huo mwaka uliobaki, kwa sababu mpira uliokauka haushiki vizuri barabara yenye maji, na hilo utaligundua siku ya kufunga breki ghafla.

Kuhusu aina, hakuna ulazima wa tairi lililoandikwa "haibridi". Cha lazima ni saizi na namba ya uzito. Tuseme la zamani limeandikwa 195/65 R15 91V. 195/65 R15 ndiyo saizi. Hiyo 91 maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 615, na V ni kasi ya hadi kilomita 240 kwa saa. Usishuke chini ya kile kilichoandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Betri kubwa na mota huongeza uzito, na tairi lenye namba ndogo litazidiwa.

Kisha kuna matairi yanayobingirika kwa wepesi, ambayo haibridi nyingi hutoka nayo kiwandani. Mpira wake haupotezi nguvu nyingi kuwa joto unapojikunja, hivyo mafuta hudumu. Ni mazuri, lakini usichague kwa kigezo hicho peke yake. Lebo ya Ulaya hupanga matairi kuanzia A (bora zaidi) hadi E, kwa matumizi ya mafuta na kwa kushika barabara yenye maji. Anza na hiyo ya maji, halafu ndipo uangalie mafuta.

Ukishayafunga, usishtuke gari likinywa mafuta kidogo zaidi ya zamani. Kashata mpya ni nene na hujikunja zaidi. Hali hiyo hupungua kadiri inavyolika. Upepo jaza kwa kipimo cha stika ya mlangoni, matairi yakiwa ya baridi. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, si kipimo cha kujazia.

Kabla gari halijainuliwa kwa jeki, lizime kabisa. Haibridi iliyowaka huwa kimya, na injini inaweza kuanza yenyewe mtu akiwa chini. Magurudumu yakiwa nje, mwombe fundi akuonyeshe diski za breki: mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, kwa hiyo pedi hazigusi sana na kutu hujijenga. Na kama kuna spea kwenye buti, soma DOT yake pia. Haijawahi kugusa lami, lakini umri wake ni uleule.