Hofu ya Sumu Umeithibitisha Wewe

*Shangazi, mume wangu ni fundi cherehani hapa Tanga. Anasikia sauti na kudai majirani wanataka kumwekea sumu. Hospitali walisema ni skizofrenia. Dawa ameacha, eti yeye si mgonjwa, na anasingizia zinamtetemesha mikono. Nikawa nasaga vidonge namtilia kwenye uji. Sasa kahamia kwa mama yake, ambaye hambishii, anamsikiliza tu upuuzi wake. Nifanyeje akubali kuwa anaumwa?*

Pole, mwanangu. Kuuguza kunachosha. Ila barua yako nimeirudia, na aliyekosewa humo ni mumeo.

Mtu anahofia sumu, nawe unamtilia kitu kwenye uji kwa siri! Kuhama kwake kunaniambia amegundua. Acha kabisa, na daktari umweleze alimeza nini.

Hilo neno "anasingizia" lifute pia. Haloperidol, dawa ya maradhi hayo, na nyingine za kundi lake hutetemesha mikono kweli. Fundi asiyeweza kutunga uzi kwenye sindano atakula nini? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Daktari anaweza kupunguza dozi, kubadili dawa au kuongeza ya kutuliza mtetemeko. Na zipo sindano za mara moja kwa mwezi.

Huko kutojijua kuwa anaumwa si ukaidi. Kwa wengi wenye skizofrenia ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, ndiyo maana ubishi wako haukufua dafu. Xavier Amador, mwanasaikolojia wa Marekani, alibishana miaka na kaka yake mwenye maradhi hayo, ikawa kuharibu undugu tu. Baadaye akawa anafundisha familia kusikiliza kwanza, kumwonea mgonjwa huruma, kushika lile mnalokubaliana, kisha kushirikiana. Mama mkwe wako kaanza vizuri bila kufundishwa na mtu, nawe unamlaumu!

Ndoa za siku hizi kila mmoja anataka mwenzake akiri kosa mbele ya ndugu. Mumeo halazimiki kulitamka jina la ugonjwa ndipo atibiwe. Anataka kulala, anataka cherehani yake. Anzia hapo.

Nenda kwa mkweo kwa adabu. Muombe mumeo radhi kwa ule uji. Akikuuliza habari za sauti, mwambie, "Mimi sizisikii, ila naona zinavyokutesa." Kisha muulize kama atakubali mwende wote kwa daktari kwa ajili ya mikono tu. Akikataa, usimsukume; rudi siku nyingine. Lakini akitaka kujidhuru au kumdhuru mtu, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.