Kwa vijana mnaoanza kliaringi hapa mpakani: kazi haiishi, jifunzeni kukabidhi

Kila tukipokea vijana wapya wa kliaringi, yaani kazi ya kutoa mizigo forodhani, hapa Malaba upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, swali ni lile lile, anti, wewe na hii kazi unapata wapi muda wa nyumba na watoto na mambo yako mengine. Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama juani kati ya trela mbili, kwa hiyo naandika mara moja, msome mkiwa mmekaa.

Kwanza muelewe kitu kimoja maana ndo kinawamaliza wengi: hii kazi haimalizwi. Mpaka unafanya kazi saa 24, na mzigo mwingi unaotoka Mombasa kwa barabara, uwe wa Kampala, wa Kigali, wa Juba au wa Congo, unapitia kwetu au Busia. Sasa wewe ukisema nikishatoa haya malori manne ndo naenda nyumbani, huendi, maana ukitoa la nne la tano limeshaingia yadi na dereva ameshakuona. Mwalimu anasahihisha madaftari yanaisha, fundi anamaliza suruali anakunja, sisi hatuna hiyo bahati. Sisi tunakabidhi. Na kukabidhi chuoni hawakuwafundisha, waliwafundisha entri, ile fomu ya kutangaza mzigo forodhani, na kukokotoa ushuru basi.

Kukabidhi sio kumwambia mwenzako "kuna trela yangu pale niangalizie" halafu unaruka kwenye boda. Huyo atakupigia hata hujafika nyumbani, dereva yuko wapi, entri namba ngapi, imekwama wapi, na jioni uliyodhani ni yako inaisha kwa simu huku chakula kinapoa. Andika. Mimi naandikaga watsapu, lori moja mistari mitatu. Wa kwanza namba ya gari, namba ya entri na simu ya dereva, yule anayeendesha leo sio namba ya ofisi yao, maana kuna makampuni yanabadilisha dereva njiani. Wa pili lori limefikia wapi na linasubiri nini hasa: kama ni skana sema skana, kama ni watu wa UNBS, wale wa viwango vya Uganda, sema wanataka kuona bidhaa gani, kama mteja hajalipa ushuru sema aliahidi kulipa lini. Wa tatu ndo wengi wanaruka, nimeshaongea na nani na akasema nini. Huo wa tatu ndo wenye thamani yenyewe. Ukiuacha, mwenzako atamwendea ofisa yule yule uliyemsumbua mchana kutwa aanze kumuuliza upya, ofisa atakasirika, atasema nimeshamwambia yule dada, na simu itakurudia wewe.

Alafu kabla hujaondoka mpigie dereva mwenyewe, mwambie kuanzia sasa mtu wako ni fulani, namba yake hii. Madereva ni watu wazuri sana lakini dereva mwenye namba yako peke yake atakupigia saa nane za usiku kukuuliza kama upande wa Uganda mvua inanyesha. Na uwe na laini mbili, ya kazi na ya nyumbani, ile ya kazi ukitoka shifti unaizima kabisa, sio unaiweka sailenti, sailenti bado utaangalia. Bosi umpe ya nyumbani kwa dharura. Wengi wanaogopa hapa, wanafikiri bosi ataona wavivu. Bosi hana shida na simu iliyozimwa, ana shida na lori lisilo na mwenyewe, na kama ulikabidhi vizuri lori lina mwenyewe.

Ya pili ni kungoja. Hii kazi asilimia kubwa ni kungoja bana, mnangoja mtandao urudi, mnangoja mteja alipe, mnangoja foleni ya upande wa Kenya isogee. Kijana anakaa kwenye benchi kutwa nzima anapekua TikTok, jioni anakwambia sina muda hata wa kufua. Kungoja kuko kwa namna mbili, jifunze kuzitofautisha. Kuna kungoja ambako lazima uwepo, gari likiwa kwenye ukaguzi usitoke hata kwenda kununua rolex, ile chapati ya mayai, ofisa akiita na wewe haupo unarudi mwisho wa foleni. Na kuna kungoja ambako kuwepo kwako hakubadilishi chochote. Tangu SCT, yaani mfumo wa forodha moja wa Afrika Mashariki, ianze 2014 mzigo wa Uganda entri inafanywa ukiwa bado bandarini Mombasa, na kutoka kule mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo gari la keshokutwa unalijua leo, karatasi zake unaziona leo. Sasa kwa nini unakaa pale getini kulingoja? Mwambie dereva akifika Eldoret akupigie. Hapo katikati unakwenda nyumbani, unalala, unakwenda saluni, unafanya mambo yako. Wazee wa hapa unaona kama hawafanyi kazi lakini magari yao yanatoka, siri yao ni hiyo tu.

Nyumbani sasa. Mshahara wa kwanza najua mnautakia nini, mnautakia tivi kubwa. Nunueni pipa la maji la lita 200 kwanza, lenye mfuniko. Anayechota jerikeni moja asubuhi na moja jioni anapoteza muda kila siku na anapoteza zaidi siku maji yakikatika, lakini ukimlipa kijana wa baiskeli akujazie pipa mara moja unasahau habari ya maji siku kadhaa. Kitu cha pili ni sigiri, jiko la makaa, ya pili. Watu wanacheka nikisema hivi lakini sigiri moja maana yake unapika kitu kimoja unangoja, halafu kingine unangoja, na ushangoja mchana kutwa kazini.

Na maharagwe msipike kila siku, tafadhali. Mimi nayaloweka usiku wa kuamkia siku yangu ya off, asubuhi naweka sufuria kubwa kwenye sigiri makaa yakishashika vizuri, juu ya mfuniko naweka kisufuria kidogo cha maji, yanapata moto pale pale juu, maharagwe yakikauka naongeza hayo ya moto sio ya baridi, ya baridi yanayachelewesha. Baada ya hapo sigiri naifunga mlango wa chini ibaki na moto mdogo, nafua, napiga deki, naangalia daftari za watoto, maharagwe yanajipikia. Ya kula wiki nzima kama una friji. Kama huna, ya siku mbili, unayachemsha asubuhi na jioni bila kuyaunga, kitunguu na nyanya unaunga yale ya kula siku hiyo tu. Ukitoka shifti saa mbili usiku kazi inabaki posho, yaani ugali, dakika chache umekula.

Wanaume, na nyinyi. Msiseme nitaoa ndo nyumba itapata mtu. Mke unayemtaka naye yuko kwenye shifti kama yako, wengi mnaoana humu humu mpakani, tunawaona. Mume wangu anapika vizuri kuliko mimi na hakuna lori limemcheka. Na kama mnaweza, nguo nzito mpeni mama wa kufua, sio anasa hiyo, yeye anapata riziki na wewe unapata asubuhi nzima ya Jumamosi.

Kuhusu likizo, hii naona wengi hamuijui kabisa mnaomba ruhusa kama mnaomba msaada. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inakupa siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne uliyofanya kazi mfululizo, yaani 21 kwa mwaka. Kila wiki unastahili kupumzika saa 24 mfululizo. Wiki ya kawaida mwisho wake ni saa 48, zikizidi kuna malipo ya ziada. Baba akipata mtoto ana siku 4 za kazi, mama ana siku 60 za kazi. Sisemi uende kugombana na bosi wiki ya kwanza, kampuni nyingine ni ndogo na mko watatu, mtakubaliana namna ya kupangana, lakini ukakubaliane ukijua haki yako.

Na likizo zipangeni mapema kwa kitu kinachojulikana. Kama una mtoto bodingi, muhula ukianza tu shule inakupa tarehe ya visitesheni. Ile karatasi piga picha, tuma kwenye grupu la shifti siku hiyo hiyo, sema Jumapili hii mimi sipo, nani tubadilishane. Ukisema mwanzo wa muhula kila mtu anakubali, ukisema Ijumaa hakuna anayekubali, na mtoto anakaa chini ya mwembe anaangalia wazazi wa wenzake wanashusha kuku na soda. Mazishi nayo hayapangwi, lakini mtu wa huku ana ndugu pande zote mbili za mpaka, ukienda kukesha kila matanga hutabaki na usiku wa kulala. Kwa ndugu wa mbali nenda siku ya kuzika, usiku mwingine tuma mchango. Mzazi au ndugu wa tumbo moja hiyo ni habari nyingine, enda ukakae.

Mambo ya kujifurahisha nayo nayachukulia hivyo hivyo, chagua kitu ambacho kuna watu wanakungoja. Ukisema nitakuwa nasoma vitabu nikipata nafasi, nafasi haiji, lori litaila. Nina rafiki anapiga kinanda kanisani, hakosi mazoezi ya Alhamisi kwa sababu bila yeye kwaya nzima inakaa. Mimi ni netiboli, timu ni watu saba, mmoja akikosa ile timu inacheza pungufu inafungwa na lawama unazisikia wiki nzima mpaka sokoni, kwa hiyo najua kutoka kazini kwa wakati kuliko nilivyowahi kujua kwa ajili ya afya yangu. Wengine mnapenda malwa, pombe ya ulezi, siwakatazi, kukaa na wazee kuzunguka chungu kila mtu na mrija wake ni raha na hapo ndo unasikia habari za mji wote. Ila pale hakuna kipenga cha kumaliza, wanaongeza maji ya moto na stori inaendelea, kwa hiyo kubaliana na boda wako aje kukuchukua saa tatu na umlipe kabisa, usimuachie mrija akuamulie.

Hayo ya mashine na sistimu mtajifunza wenyewe, hayachukui muda. Wasichana wanaojua kucheza waje Jumapili saa kumi jioni, gooli difensi wetu amehamishiwa Mutukula, mpaka wa Tanzania, na bado hatujapata mwingine. Na mkija mje mkiwa mmekabidhi, sitaki kumuona mtu anaongea na dereva katikati ya kota ya pili.