Kituo cha serikali ni bure, bima ya nini?

SWALI: Shikamoo Mama. Tunaishi karibu na Bwera, wilaya ya Kasese, Uganda. Nina watoto wanne, na namlea mtoto wa marehemu dada yangu. Chama chetu cha kuzikana kinataka kujiunga na bima ya afya ya jamii kwenye hospitali ya misheni. Mume wangu hataki. Anasema kituo cha serikali ni bure, na tusipougua mwaka mzima pesa zetu zimeliwa. Nimwambie nini?
Mkulima wa kahawa, Kasese

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuhusu serikali mumeo hajakosea: ada ziliondolewa kwenye vituo vyake mwaka 2001. Lakini muulize, mara ya mwisho mlipokwenda, dawa mlizipata pale pale au mlipewa karatasi mkanunue dukani? Hospitali za misheni ziliendelea kutoza, na wengi wetu ndiko tunakokimbilia mama akihitaji kupasuliwa.

Mimi ni wa milima ya Kigezi. Nilikuwa na miaka tisa mama yangu aliposhindwa kujifungua. Wanaume wa kijiji walimbeba kwa engozi, machela yetu ya kusuka, wakipokezana mabega hadi chini bondeni. Wao hawakudai hata senti. Hospitali ilidai. Baba akarudi usiku ule ule kumuuza ng'ombe wetu mwenye ndama, na mnunuzi alijua kwa nini anauza. Mama alipona, lakini maziwa tulikaa miaka bila kuyaona nyumbani. Kwa hiyo nikiulizwa kwa nini watu wa kijijini hujiunga na bima, sianzi na hesabu. Wanajiunga ili wasije wakauza kitu usiku.

Hospitali ya Kisiizi, wilayani Rukungiri, ilipoanzisha bima yake mwaka 1996 ilipitia vyama vya engozi, yaani vya wanakijiji wanaobebeana wagonjwa. Watu walishazoea kubebana, na mweka hazina walimjua hadi mlango wa nyumba yake. Chama chenu cha kuzikana nacho kina imani hiyo tayari.

Na hizo pesa "zilizoliwa": mumeo akichanga kwenye msiba wa jirani, hurudi nyumbani akisema ameibiwa kwa kuwa kwake hakufa mtu? Mchango wenu wa mwaka huu utamlipia mwenzenu upasuaji. Ndiyo maana bima hizi hutaka kaya nzima, tena kaya nyingi za chama. Wakijiandikisha wagonjwa tu, mfuko unakauka.

Hata hivyo msilipe kesho. Tumeni watu watatu hospitalini wakaulize mtasubiri muda gani kabla kadi haijaanza kazi, na kila mkienda kutibiwa mtaongeza kiasi gani. Waulize hasa kuhusu sukari na presha, maana baadhi ya bima huyaacha nje magonjwa hayo. Wakizungukazunguka bila kujibu, rudini na pesa zenu. Tarehe ya kulipa ombeni iwe mkishauza kahawa. Nimeona kaya nzuri zikitoka kwenye bima kwa sababu tu malipo yaliangukia wiki ya karo.

Halafu, mwanangu, siku ya kupeleka majina mwandikishe na huyo mtoto wa dada yako. Karani ataandika wale mtakaomtajia tu.