Spika ndefu za sebuleni: chagua kwa muziki, sinema itafuata

Wengi wanaoniomba ushauri wa spika ndefu, zile za kusimama sakafuni, huanza na sinema. Wanataka bomu likilipuka vioo vya dirisha vitetemeke. Jibu langu halijabadilika kwa miaka: spika mbili za mbele zichague kwa muziki, kazi ya kutetemesha vioo iachie sabufa. Na nikisema sabufa simaanishi ule mtambo wa Kariakoo ulioandikwa wati za PMPO, zile namba zilizotiwa chumvi, kwa maelfu kwenye boksi. Namaanisha spika moja ya besi tupu, yenye amplifaya yake ndani.

Kwenye mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, ile .1 ni njia ya besi peke yake. Zaidi ya hapo, risiva za kisasa, zile amplifaya zinazogawa sauti kwa spika zote, zinakuruhusu kuamuru kwamba kila sauti nzito iliyo chini ya hezi 80 ipelekwe kwenye sabufa, na hezi 80 ndiyo namba iliyozoeleka tangu THX, kampuni ya viwango vya sauti za sinema, waipendekeze. Kwa hiyo wakati wa sinema spika ndefu zinapunguziwa mzigo. Kwenye muziki zinabaki mbili tu, hazina pa kujificha. Mwimbaji wa kike akipanda juu na sauti ikageuka kali masikioni, ujue hata mazungumzo ya sinema yatakuchosha baada ya saa moja.

Dukani nenda na nyimbo zako unazozijua kila kona. Mimi hubeba taarabu asilia yenye fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, kwa sababu nyuzi za kanuni huumbua twita mbovu, kile kispika kidogo cha sauti za juu, mara moja, na rumba moja yenye besi ya gitaa inayotembea. Ukilinganisha jozi mbili, hakikisha zinapiga kwa kiwango kimoja cha sauti. Programu ya simu ya kupima desibeli inatosha. Spika iliyozidi kidogo tu kwa sauti itaonekana bora hata kama si bora, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana. Ukiweza, fumba macho. Floyd Toole, mtafiti wa Kanada, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba msikilizaji akiziona spika, hukumu yake huyumba kwa ajili ya ukubwa, bei na jina. Zikifichwa, watu wengi huelekea kupenda spika zile zile: zisizopendelea besi wala twita, na zinazotoa sauti iliyo sawa hata kwa aliyekaa pembeni.

Hilo la pembeni lina uzito kwetu. Sebule ya Mswahili haina kiti kimoja cha mfalme katikati. Wageni wamezunguka kuta zote. Ndiyo maana nazipenda spika za kampuni ya KEF, ambazo tangu 1988 zimekuwa zikiweka twita katikati ya koni, ile sahani inayotetemeka, ili sauti isambae sawa pande zote. Klipsch nao, ambao Paul Klipsch aliwaanzisha Arkansas mwaka 1946, huzungushia twita honi, umbo kama mdomo wa tarumbeta, na spika zao hupiga kwa nguvu hata ukizipa wati chache. Kwa sinema zinasisimua kweli. Kwenye chumba chenye vigae na kuta tupu, zisikilize mara mbili kabla hujatoa pesa.

Namba za kusoma nyuma ya karatasi ni mbili tu. Ya kwanza ni desibeli, yaani ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa wati moja: ukitaka kuongeza desibeli 3 unahitaji wati maradufu, kwa hiyo spika ya 88 itadai nguvu mara nne ya ile ya 94. Ya pili ni omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme; zikiwa chache, amplifaya hubeba mzigo mkubwa. Spika nyingi za bei ya juu ni za omu 4, na risiva nyepesi ikizisukuma kwa nguvu hupata joto na kujizima katikati ya filamu. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa usizijali sana.

Sasa chumba. Chukua sebule yenye mita 4 kati ya ukuta na ukuta. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo besi ya karibu hezi 43 hunasa hapo ikienda na kurudi. Uzi mnene wa gitaa la besi hupiga hezi 41. Matokeo yake noti moja inavimba na kuvuma, jirani zake zinamezwa, na mwenye nyumba analaumu spika. Kuta zetu za matofali ya saruji haziachii besi ipite kama kuta za mbao za Marekani, basi tatizo linazidi. Kisha pima mwangwi: piga makofi katikati ya sebule. Ukisikia mlio unaobaki ukilia, tandika zulia nene mbele ya spika na ufunge mapazia mazito. Yale makochi makubwa tunayoyacheka yanasaidia kuliko waya wowote wa bei mbaya. Spika zivute nusu mita au zaidi kutoka ukutani, hasa zenye tundu nyuma, na kochi lako lisigusane na ukuta. Ikishindikana, ziba tundu kwa sponji.

Spika ya katikati inunuliwe katika familia moja na zile ndefu, la sivyo mtu akitembea kwenye skrini sauti yake itabadilika njiani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kutoka duka la vifaa vya umeme unatosha. Ukwangue kwanza, kwa maana ndani ukiwa mweupe si shaba, ni alumini iliyofunikwa kwa shaba nyembamba juu.

Wa mtumba wasome kibao cha nyuma cha risiva na sabufa. Japani umeme ni volti 100, Marekani 120, Tanzania 230. Spika zisizo na amplifaya hazina shida hiyo, ila zina nyingine: ule ukingo unaozunguka koni. Wa mpira huishi miaka mingi. Wa sponji, kwa joto na unyevu wa pwani, huoza. Uguse taratibu kwa kidole. Ukimeguka au ukiacha unga mweusi, shusha bei. Ukingo mpya hubandikwa na fundi, lakini mwambie abandike spika zote mbili kwa pamoja, kwa ukingo wa aina moja.